Nilipoombea Mashine Iwe Mbovu

Watu wa kazi yangu huomba mashine ipone. Mimi wiki ile niliomba iwe mbovu. Niliomba kwa sauti, jikoni, nikimenya ndizi za kupika, na kama kuna malaika aliyekuwa zamu siku hizo lazima alikuna kichwa. Kila mtu hulilia chombo chake kitengenezwe, huyu mama wa Nyamira analilia kiwe kimeharibika.

Kazi yangu ni vyombo vya umeme. Nina kibanda mjini Kisii, nyuma ya wauza ndizi, ninakotengeneza redio, betri za sola na simu za watu wasio na subira. Lakini cheti changu hasa ni cha vyombo vya ndege. Nilisomea Nairobi, nikafanya kazi huko hadi mume wangu aliposema inatosha, turudi nyumbani tuchume chai yetu wenyewe. Yeye ni rubani. Mimi humwita omogaka, kama tunavyowaita wazee wa nyumba kwetu, naye huniita mong'ina, mama wa nyumba, na hayo majina yanatosha.

Tuliporudi alipata kazi ya kumrusha daktari mmoja wa watoto, mama wa kutoka upande wa ziwa anayefanya kazi Kisii. Daktari ana ndege ndogo ya viti vinne, injini moja, ya kumfikisha kwenye zahanati za visiwani ambako barabara hazifiki. Tunazungumza naye Kiswahili, maana Kigusii chake ni cha kununulia nyanya, na Kijaluo changu hakifiki hata hapo. Kwa miaka mingi omogaka alimpeleka na kumrudisha, na mimi nikaitazama mashine yake kila ilipokohoa. Sisi watatu tulikuwa tumezoeana kama mafiga.

Kisha zikaja zile safari mbili. Ya kwanza, omogaka alitua hapa kwetu, uwanja mdogo ulio nje ya mji, ndege ikatoka njiani ikaingia kwenye nyasi hadi ikawatisha ng'ombe wa watu. Ya pili ilikuwa kisiwani, na huko ilibaki kidogo sana waingie kwenye ua wa zahanati yenyewe, na akina mama wamesimama pale na watoto mgongoni. Alirudi nyumbani amekunja uso. Alisema kishale cha upepo kinamwongopea. Daktari naye hakupiga kelele. Alinipigia simu, akasema kwa upole kwamba anamheshimu mzee, hataki kumvunjia jina, basi niikague ile skrini vizuri. Nikikuta ni mbovu, tuitengeneze na maisha yaendelee. Nikikuta ni nzima, itabidi tukae chini tuzungumze. Upole ule ulinitisha kuliko matusi.

Kishale chenyewe ni hivi. Kwenye ndege ya daktari hakuna zile saa nyingi za zamani. Kuna skrini moja, kubwa kama Biblia ya mimbarani, inayoonyesha mwendo, urefu, na upande ndege inakoelekea, na juu pembeni kuna kishale kidogo kinachosema upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Watu hudhani kishale kile kinauhisi upepo. Hakihisi kitu. Ni hesabu tu. Kompyuta huiuliza dira pua ya ndege imeelekea wapi. Hukiuliza kibomba kilicho chini ya bawa tunapasua hewa kwa kasi gani. Kisha huziuliza setilaiti tunasogea kwenda wapi hasa. Majibu yasipolingana, ile tofauti inaitwa upepo. Kwa hiyo dira ikipotoka, au kibomba kikiziba, kompyuta haisemi nimekosea. Inasema kuna upepo. Ninawajua watu kadhaa wa tabia hiyo, na wengine ni jamaa zangu.

Na hapa ndipo roho yangu ilikuwa ikinisuta. Rubani hatui kwa kishale. Pale uwanjani kuna soksi ya kitambaa juu ya mlingoti, inajaa upepo au inalala, na rubani mwenye macho anaitazama hiyo, anazitazama nyasi, anaisikia ndege chini ya makalio yake. Omogaka wangu alijifunza kazi kabla skrini hizi hazijazaliwa. Alikuwa akitua kwenye viwanja vya mavumbi bila kishale chochote, akila mahindi ya kuchoma kwa mkono mmoja. Kishale kikidanganya kinaudhi, lakini hakimwingizi mtu kama yeye kwenye ng'ombe. Nilijua hivyo tangu simu ya daktari. Nikajifanya sijui.

Sababu ya kujifanya ninayo. Miezi michache kabla ya hapo nilimtuma Marani kuchukua miche ya ndizi kwa dada yangu. Akakawia hadi nikachoka kungoja. Jioni akanipigia simu akicheka, yuko Kenyenya. Sasa, mtu wa kwetu hapotezi njia ya Marani akafika Kenyenya. Moja iko huku, nyingine iko kule, na mji mzima wa Kisii uko katikati. Akasema alipitia huko kumwona rafiki. Nilimuuliza rafiki gani, akanigombeza kwamba namchunga kama mtoto, nikaacha kuuliza. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu niliyaona, ila niliyaita moshi.

Halafu kulikuwa na ugomvi wa spika. Kanisa letu la Sabato lina spika moja nzuri, ile ya mdomo wa tarumbeta, na kwetu spika nzuri haina raha. Kila matanga yanaitaka. Inaazimwa kwa mazishi ya huyu, kabla haijarudi imeshaazimwa kwa mazishi ya yule, na ikirudi kanisani sauti yake ni ya mtu aliyelia wiki nzima. Baraza la kanisa likachoka. Likaamua omogaka, kwa kuwa ni mzee wa kanisa na hana haya ya kumnyima mtu, ndiye aitunze, na asimpe mtu hadi wakati wa efoti, yale mahubiri yetu ya hadhara. Akaichukua. Efoti ilipofika akaulizwa spika iko wapi. Akasema alimkabidhi shemasi. Shemasi akasema hajaiona. Omogaka akaapa mbele ya kanisa zima kwamba alimpa mkononi.

Basi shemasi, mtu mzima, mkulima mpole asiyejua hata kubishana na mbuzi wake, akaitwa mwizi kimyakimya. Akaacha ushemasi. Na mimi nilisimama na mume wangu, tena kwa mdomo wote Mungu alionipa. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nilimwambia mke wa shemasi maneno sokoni ambayo sitayaandika.

Ndiyo maana nilikuwa naomba. Kama mashine ni mbovu, mume wangu ni mzima. Nilitaka hilo tu, na nililitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Nilianza na kibomba cha chini ya bawa. Kuna nyigu wadogo wanaopenda vishimo, wanajenga humo nyumba za udongo, na nimewahi kukuta kibomba kimezibwa kabisa na familia nzima. Nilikipuliza, nikakichungulia, nikapima kama hewa inavuja popote njiani hadi kwenye skrini. Kisafi kama kijiko. Nikakasirika kana kwamba nyigu wamenikosea adabu kwa kutokuja.

Kisha tukaruka, yeye na mimi. Jaribio lenyewe ni rahisi. Unachagua asubuhi iliyotulia, unaruka kwa pande nne kama mtu anayezunguka shamba, mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, na unaandika kishale kinasema nini kila upande. Upepo wa kweli haubadiliki kwa sababu wewe umegeuka. Upepo unaobadilika kila ukigeuka unatoka ndani ya ndege.

Omogaka alirusha vizuri kabisa. Mikono yake ilikuwa ile ile, mipole, ndege haikutikisika. Tulipoelekea mashariki kishale kikadai kuna upepo mkali kutoka ubavu wa kulia. Tukageuka kaskazini, upepo ukafa. Tukageuka magharibi, ukafufuka, sasa uko ubavu wa kushoto. Kusini, kimya tena. Nilitazama mambo hayo nikahisi machozi ya furaha. Kibomba kikiwa kibovu, uongo hutokea mbele au nyuma ya ndege. Huu ulitokea ubavuni, na kwa pande mbili tu. Hiyo ni dira. Dira yenyewe ilikuwa imerogwa na chuma au sumaku fulani iliyo karibu nayo. Nilimpiga omogaka begani, nikamwambia alisema kweli, kishale ni cha uongo. Akacheka, akasema yeye alijua zamani, ila wanawake wawili wasomi hawamwamini mzee.

Jamani, nilishuka kwenye ndege ile nikiwa mwepesi. Nilitaka kumpigia daktari simu pale pale. Nikajizuia, nikasema ngoja kwanza nimalize kazi.

Dira ya ndege hizi hutengenezwa kwa kuizungusha ndege taratibu chini ili kompyuta ijifunze upya. Tukaizungusha. Skrini ikakataa, ikaandika kwamba kuna nguvu ya sumaku isiyo ya kawaida. Nikasema ni kile kibanda cha mabati tunachoegeshea. Tukaisukuma ndege hadi katikati ya uwanja, mbali na kila bati, mlinzi akitusaidia. Ikakataa tena. Basi kilichoiroga tulikuwa tunakisukuma pamoja na ndege.

Kidude cha dira kimefungwa mkiani, mbali na injini, mbali na nyaya nene, mahali ambapo hakuna kitu. Kukifikia, unaondoa mizigo nyuma ya viti, unafungua ukuta mwepesi, unaingiza kichwa na tochi. Omogaka alikuwa amekaa chini ya bawa akila ndizi mbivu. Nikaingia mwenyewe hadi kiunoni, miguu nje.

Kidude kilikuwa pale, kidogo kama kiberiti. Na kando yake kabisa, kimefungwa kwa kamba ya katani kwenye kiunzi cha ndege, kulikuwa na kitu cha mviringo kilichovikwa kitambaa cheupe. Nilikijua kitambaa kabla ya kukijua kitu. Nilikifuma mwenyewe, ni cha kochi letu la sebuleni, na nilikuwa nimemlaumu kila mgeni kwa kupotea kwake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nikakuta kinachotula kimevaa nguo ya kochi langu. Nikakifunua. Mdomo wa tarumbeta, na nyuma yake ile sumaku nzito ya spika. Ubavuni pameandikwa kwa rangi nyekundu, MALI YA KANISA.

Fundo la kamba lilikuwa la omogaka, lile analofungia gunia la chai, la kuzungusha mara mbili na kuficha ncha. Hakuna mtu mwingine kijijini anayefunga hivyo. Nilielewa yote nikiwa bado nimelala kifudifudi mle ndani. Alikuwa ametafuta mahali ambapo hakuna mfiwa atakayefika kuiazima, akapapata. Ni akili sana, kwa kweli. Kwa watu wetu, mkiani mwa ndege ndipo mahali pekee ambapo spika ya kanisa ingepumzika.

Kwanza nilifurahi, lazima niseme. Mashine mbovu, sababu hii hapa, naishika. Halafu ile furaha ikatoka yote kwa pamoja, nikabaki nimeshikilia spika. Kwa sababu sasa kulikuwa na swali moja tu, na jibu lake lilikuwa nje, chini ya bawa, likila ndizi.

Nikatoka nayo. Nikamwekea mbele.

"Omogaka, hii ni nini?"

Akaitazama. Akaweka ganda chini polepole. "Ni spika ya kanisa," akasema. Kisha uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyeshinda kesi. "Umeona sasa? Nilikuambia yule shemasi ni mtu mbaya. Ameificha kwenye ndege yangu ili niue watu."

Nilitafuta uongo usoni mwake. Ningeushukuru. Mume mwongo najua kuishi naye, wanaume wote wa ukoo wao hudanganya kuhusu walikochelewa, na dawa yake ninayo. Nilimtazama machoni, nikakitazama kitambaa changu, nikamtazama tena. Hapakuwa na uongo. Alikuwa anasema anachokijua. Aliifunga kwa mikono yake mwenyewe na kichwani hakuna chochote kilichobaki.

Nilirudisha ukuta, nikakaza skrubu, nikaomba tuizungushe tena ndege. Mikono ikiwa na kazi moyo hunyamaza kidogo. Skrini ikakubali mara moja. Ikabaki kuijaribu hewani, na hapo bado nilikuwa na tumaini moja dogo la kipumbavu, kwamba kusahau spika ni kusahau spika. Nani hasahau? Mimi nimewahi kutafuta miwani nikiwa nimeivaa. Labda kichwa chake cha nyumbani kimechoka, lakini kichwa cha rubani kiko sawa.

Tukaruka. Pande nne tena. Kulikuwa na upepo mwepesi kutoka upande wa ziwa, na kila tulipogeuka kishale kilibaki kuonyesha ziwa. Kazi nzuri. Nilimwambia, naye akafurahi, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Huko chini vilima vilikuwa vya kijani hadi kileleni, chai, migomba, chai, mabati ya nyumba yakimetameta, na nilipaona hata kwetu. Nilifikiri, Mungu wangu, labda umenisikia.

Tulipoukaribia uwanja akageuza kichwa kidogo nyuma, kama afanyavyo siku zote akiwa na abiria. Sisi wawili huzungumza Kigusii, lakini hili alilisema kwa Kiswahili chake cha heshima.

"Daktari, funga mkanda, tunashuka."

Nilidhani ananitania. Nikageuka kutazama viti vya nyuma. Vilikuwa vitupu, kimoja kina tochi yangu na kile kitambaa cha kochi nilichokikunja. Akangoja jibu. Alipolikosa akacheka, akanigeukia, akaniambia kwa Kigusii kwamba daktari amelala, watoto wa kisiwani wamemchosha leo, tumwache. Kisha akatua. Alitua vizuri sana. Magurudumu yaligusa chini bila hata kishindo, katikati kabisa ya njia, na mimi nimekaa kando yake nimeuma kidole.

Akazima injini. Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akausimamia ili daktari ashuke. Alisimama hivyo kitambo. Akakitazama kiti. Kisha akaufunga mlango taratibu, akaenda kukagua magurudumu, na hakuniangalia.

Nilikwenda mbali kidogo kwenye nyasi nikampigia daktari. Nilimweleza kuhusu sumaku, kwamba nimeitoa na kishale sasa ni cha kweli. Nikamsikia akimshukuru Mungu. Akaanza kunieleza juu ya safari ya wiki ijayo, dawa za chanjo zinazongoja. Ningeweza kumwacha aendelee. Hakuna mwingine aliyekuwa hewani na sisi. Nilikuwa nimepewa kila nilichokiomba, mashine mbovu, tena na ushahidi mkononi.

"Daktari," nikasema, "ndege imepona. Lakini usimpe omogaka airushe tena."

Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia kuhusu mkanda, na kuhusu mlango. Nilimsikia akipumua. Yeye ni daktari, hakuhitaji maneno mengi. Akaniuliza nani atamwambia mzee, kama ningependa aje yeye. Nikasema hapana, nitamwambia mimi, mimi ni mkewe.

Spika niliipeleka kwa shemasi mwenyewe. Nilimkuta shambani akipalilia, nikamweleza yote nimesimama, kitambaa, kamba, fundo. Nilitegemea anitukane na nilikuwa tayari kupokea. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta jembe kwa nyasi, akaniuliza swali moja tu, kama omogaka mwenyewe anajua. Nikasema hajui. Sabato iliyofuata alikuja kanisani, akapita viti vingi vilivyo wazi, akaketi kando ya omogaka. Walishirikiana kitabu kimoja cha nyimbo. Tulipokuwa tukirudi nyumbani omogaka aliniambia, kwa kuridhika, kwamba hatimaye shemasi ametubu, nasi inatupasa tumsamehe. Nikasema ndiyo, tumsamehe.

Tulikwenda hospitali pia, baadaye. Walimuuliza maswali, wakampiga picha za kichwa, wakataja jina la ugonjwa kwa Kiingereza. Walisema dawa zipo za kuupunguzia mwendo, za kuurudisha nyuma hazipo.

Lakini ile jioni ya siku niliyompigia daktari ndiyo siisahau. Omogaka alitangulia nyumbani, mimi nikabaki kuifunga ndege. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilijiambia, leo leo utamwambia. Nilimkuta amekaa mlangoni akipiga viatu rangi, vile vyeusi vya kazi. Ameanika shati jeupe. Akaniuliza kama kesho tunaondoka mapema.

"Kesho hakuna safari," nikasema.

"Kwa nini?"

Nilimtazama na kile kiatu mkononi, na nywele zake nyeupe, nikashindwa. Kweli nilishindwa.

"Upepo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama rubani. Akauliza wa kutoka wapi. Nikamwambia wa ubavuni, mkali. Akasema basi ni heri tungoje, kuna marubani wazee na kuna marubani jasiri, ila jasiri hazeeki, na akamaliza kupiga rangi kiatu cha pili.

Tangu hapo kila asubuhi huwa hivyo. Anaamka, anavaa shati jeupe na viatu, anatoka nje, ananiuliza upepo ukoje, nami namwambia. Siku nyingine unatoka ziwani, siku nyingine vilima vya Manga, lakini siku zote ni mbaya. Wageni wakija huwaambia mkewe ndiye mtu anayejua upepo kuliko wote huku Nyamira, ukimwamini huyu hutaanguka. Mimi niliyetumia maisha yangu yote kuzikataza mashine zisidanganye watu, ninamdanganya mume wangu kabla ya chai ya asubuhi. Inaniuma. Sina njia nyingine na inaniuma.

Wiki jana niliamka nikamkuta amesha­toka. Palikuwa na ukungu bondeni, wachuma chai wakiitana huko chini wasionekane. Hakuna kilichotikisika. Majani ya migomba mbele ya nyumba yetu yalining'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani.

"Mong'ina, upepo ukoje leo?"

"Mbaya," nikasema. "Mkali, wa ubavuni."

Akaitazama migomba. Akaitazama kwa muda mrefu, jani hadi jani. Kisha akanigeukia, na nikamjua. Alikuwa yeye, omogaka wangu mzima mzima, yule aliyenioa, macho yake yote yapo. Alijua hakuna upepo. Alijua hakuna ndege, na alijua ni kwa nini, na kwamba nimekuwa nikimwambia hivi kila siku. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli, maana sasa alikuwepo wa kuambiwa. Akaniwahi.

"Ni mkali kweli," akasema. "Hata mimi nauona. Tusiende."

Akanishika bega kidogo akipita, akaingia ndani. Nilipomfuata nilimkuta amekaa kitandani, anahangaika na kamba za viatu. Nikapiga magoti nikamsaidia kuvivua.